Ripoti Iliyohesabu Waya Usio Wake: Uchambuzi wa Kisa cha vnStat katika Seva ya Skuli Moja Pemba

Kisa hiki kinahusu seva ya skuli moja ya sekondari yenye dakhalia kisiwani Pemba. Kila mwisho wa mwezi seva hiyo huchapisha ripoti ya matumizi ya intaneti kwa kutumia programu ya vnStat, na kwa muda iliendelea kuichapisha bila kuonesha kosa lolote, ilhali takwimu zilizokuwemo hazikuwa za intaneti. Aliyelitambua hilo hakuwa fundi bali mhasibu wa skuli, mama mtu mzima asiyetaka kujua kadi ya mtandao ni kitu gani lakini anayejua vizuri kulinganisha karatasi mbili. Malalamiko tuliyoyazoea ni kwamba mtoa huduma amekata bando kuliko lilivyotumika. Safari hii mambo yalikuwa kinyume: ripoti ya skuli ilionesha matumizi zaidi ya maradufu ya yale yaliyoandikwa kwenye ankara.

“Mwanangu,” aliniambia, “mfanyabiashara anayejipunja mwenyewe sijamuona tangu nizaliwe. Tafuta kosa kwako kwanza.”

Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani ya kawaida inayoendeshwa kwa Debian, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, nayo ina kazi mbili. Kwanza ni lango la intaneti kwa chumba cha kompyuta, ofisi na dakhalia. Pili ni maktaba ya ndani: imehifadhi nakala ya Wikipedia inayosomwa kwa Kiwix pamoja na video za masomo, ili wanafunzi wazipate bila kugusa bando. Ilikuwa na violesura viwili vya mtandao, yaani milango miwili ya kuunganishia kebo. Cha nje kilikuwa kadi ya kuchomeka, ambayo kebo yake hupanda hadi kwenye antena iliyo juu ya paa. Cha ndani kilikuwa kile kilichojengwa kwenye bodi ya kompyuta, kikiunganishwa na swichi. Mfumo ulikiita cha nje enp1s0 na cha ndani enp2s0, na ripoti ya mwezi ilikuwa ikisoma enp1s0.

Majina hayo yanahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa kisa chote kimejengwa juu yake. Zamani Linux ilitoa majina ya eth0 na eth1 kwa kufuata kadi ipi imetangulia kutambuliwa wakati wa kuwaka, na mashine yenye kadi mbili iliweza kuamka asubuhi majina yakiwa yamebadilishana. Kuanzia toleo la 197 la systemd, programu inayoziwasha na kuzisimamia huduma za Linux, mwaka 2013, ukaingia utaratibu wa kukipa kiolesura jina linalotokana na mahali kilipo: herufi en ni za ethaneti, p1 ni basi la PCI (njia ya ndani inayounganisha kadi na kompyuta) namba 1, na s0 ni sloti namba 0. Debian iliufanya utaratibu huo kuwa wa kawaida katika toleo la 9, mwaka 2017. Kwa hiyo jina haliyumbi mashine ikizimwa na kuwashwa, maadamu vifaa vilivyomo ndani havikuguswa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, kwa sababu mashine inaweza kukaa miaka bila ya mtu kufungua kifuniko chake.

Kifuniko kikafunguliwa wakati wa masika. Radi ilipiga karibu, umeme ukashuka kwa kebo ya antena, na kadi ya nje ikafa. Kadi ya aina ile haikupatikana kisiwani. Ingebidi isubiri meli kutoka Unguja, na skuli isingeweza kukaa bila ya intaneti muda wote huo. Fundi aliyeitwa akanunua adapta ya USB katika duka moja la Chake Chake, akaing'oa kadi iliyoungua, akatazama mfumo umetoa majina gani mapya, akayaandika katika faili la /etc/network/interfaces na katika sheria za nftables, zinazoamua data ipi ipite langoni, na intaneti ikarudi siku ileile. Sina la kumlaumu: aliitiwa intaneti, na intaneti aliirudisha. Kwamba kulikuwa na programu ya tatu iliyokuwa ikitegemea majina yaleyale hakuna aliyemwambia, wala programu yenyewe haikupiga kelele.

Nilipoitazama ripoti, kabla ya kugusa amri yoyote, jambo la kwanza lililonishughulisha halikuwa ukubwa wa jumla bali mgawanyo wake. Safu ya data iliyotumwa ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya data iliyopokewa. Skuli yoyote hupakua kuliko inavyopakia. Wanafunzi hufungua kurasa na video, hawarushi filamu kwenda ulimwenguni. Miezi ya nyuma ilikuwa hivyo, kisha tangu mwezi wa radi safu zikageuka juu chini. Mwenye kujua lango linavyofanya kazi atakuwa ameshapata fununu hapa. Data inayotoka intaneti huingia kwa kiolesura cha nje ikahesabiwa kuwa imepokewa, kisha hutoka kwa kiolesura cha ndani kuelekea kwa wanafunzi ikahesabiwa kuwa imetumwa. Ripoti ya “nje” yenye safu zilizogeuka kwa uwiano huo inafanana mno na ripoti ya ndani.

Fununu si ushahidi. Tatizo la programu ya kupima matumizi kutokiona kiolesura mara nyingi huulizwa kama swali moja, ilhali ni maswali manne yenye majibu yanayoweza kutofautiana: je, keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inakiona kifaa, je, programu inaweza kukiona, je, programu imekiandika katika hifadhidata yake, na je, ripoti inasoma kipi kati ya vilivyoandikwa? Anayeyachanganya atatibu penye uzima na kuacha penye ugonjwa.

Swali la kwanza nililiuliza kwa amri ya `ip -br link`. Mbali na lo, ambayo ni ya mashine kujisemesha yenyewe, vilijitokeza violesura viwili vilivyo hai: enp1s0 na enx00e04c36a1b2. Jina la pili ndilo la adapta ya USB. Vifaa vya USB havina mahali pa kudumu, kwa hiyo Debian huvipa jina la enx likifuatiwa na anwani yote ya MAC (namba ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani), nalo hufika herufi 15, ambao ndio ukomo wa jina la kiolesura katika Linux. Jina la enp2s0 halikuwepo tena.

Swali la pili nililiuliza kwa `vnstat --iflist`, nayo ikataja vilevile viwili. Hapo ikaondoka dhana ya kwamba vnStat haiitambui adapta kwa sababu ya draiva au kwa sababu ni ya USB. Programu hii haizungumzi na kadi moja kwa moja; husoma vihesabu ambavyo keneli tayari inaviweka wazi, na kila kiolesura ambacho keneli inakijua, vnStat inaweza kukisoma.

Jibu la swali la tatu lilikuwa jingine. Amri ya `vnstat --dbiflist` huorodhesha violesura vilivyomo katika hifadhidata, na orodha ilikuwa hii: enp1s0 na enp2s0. Adapta, ambayo ndiyo iliyobeba intaneti yote ya skuli, haikuwemo. Kilichokuwemo badala yake ni enp2s0, jina lisilo na kifaa, likiwa na kumbukumbu zake za zamani bila ya kuongezewa chochote.

Sababu iko katika mwenendo wa programu yenyewe. Tangu toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2018, vnStat huweka kumbukumbu zote katika hifadhidata moja ya SQLite, na huduma ya vnstatd inapowaka kwa mara ya kwanza bila ya kukuta hifadhidata, huviandikisha violesura vyote inavyoviona wakati huo. Baada ya siku hiyo haiandikishi kipya mpaka iambiwe, ama kwa amri ya `vnstat --add -i` ikifuatiwa na jina, ama kwa kuwekewa namba 1 kwenye kipengele cha AlwaysAddNewInterfaces katika faili la /etc/vnstat.conf. Kwa kawaida kipengele hicho huwa 0. Adapta ilizaliwa hifadhidata ikiwa na miaka yake, basi ikabaki nje ya daftari.

Hapa pana mtego uliomhadaa hata fundi. Alipomaliza kazi yake alijaribu `vnstat -l` kwenye adapta, akaona namba zinakimbia, akaridhika kuwa programu inaihesabu. Amri hiyo huonesha mwendo wa papo kwa papo na husoma vihesabu vya keneli bila ya kupitia hifadhidata, kwa hiyo hufanya kazi hata kwa kiolesura ambacho programu haikiwekei kumbukumbu hata baiti moja.

Hilo linaeleza kwa nini adapta haikuhesabiwa. Halielezi kwa nini enp1s0, jina la kadi iliyong'olewa na kutupwa, liliendelea kuwa na matumizi kila siku. Nikatumia `ethtool -i enp1s0`, ambayo hutaja draiva na anwani ya kifaa kwenye basi, nikapata r8169 na 0000:01:00.0, kwa adapta nikapata r8152 na usb-0000:00:14.0-2. Kisha nikalinganisha anwani ya MAC ya enp1s0 na ile iliyobandikwa kwenye bodi ya kompyuta, zikawa moja. Yaani enp1s0 ya leo ni kile kiolesura cha ndani ambacho jana kikiitwa enp2s0. Kadi ilipong'olewa, mlango wake wa PCI ukabaki bila kitu nyuma yake, na bodi nyingi huuficha mlango wa namna hiyo wakati wa kuwaka. Hesabu ya mabasi ikasogea kwa moja, kilichokuwa basi la 2 kikawa basi la 1, na kiolesura cha ndani kikarithi jina la marehemu. Kwa vnStat hapakuwa na badiliko lolote: jina ni lilelile, vihesabu vinapanda, kazi inaendelea.

Nilitaka ushahidi ambao hata mhasibu angeukubali, nao ulipatikana chumba cha kompyuta kikiwa kimefungwa. Keneli huweka kihesabu cha kila kiolesura katika faili dogo, kwa mfano /sys/class/net/enp1s0/statistics/rx_bytes, na ndani yake mna namba moja tu. Niliziandika namba za violesura vyote viwili kwenye karatasi, nikapakua kutoka intaneti, nikiwa kwenye seva yenyewe, faili la megabaiti 100 kwa `wget -O /dev/null`, kisha nikazisoma tena. Kihesabu cha adapta kilipanda kwa kidogo zaidi ya baiti milioni 100, hicho kidogo kikiwa ni vichwa vya pakiti. Cha enp1s0 kilitikisika kwa kiasi cha kunionesha tu kwamba nilikuwa nimeingia kwenye seva kwa SSH, yaani kwa kuiendesha kutoka kompyuta nyingine, kutoka upande huo. Sharti la jaribio hili ni kupakulia kwenye seva. Ukipakulia kwenye kompyuta ya mwanafunzi, data hiyohiyo itapita kwenye violesura vyote viwili na jaribio halitakufundisha kitu.

Kilichobaki kueleza ni ukubwa wa jumla, na hicho kilikuwa chepesi. Kiolesura cha ndani hubeba intaneti ya wanafunzi pamoja na kila video na kila ukurasa wanaousoma kutoka maktaba ya seva. Ziada iliyokuwa ikionekana kwenye ripoti ilikuwa ni matumizi ya maktaba, ambayo hayalipiwi na mtu. Lau skuli isingekuwa na maktaba ile, jumla ya ndani ingekaribiana sana na jumla ya nje, karatasi mbili za mhasibu zingepatana, na kosa lingekaa hadi pale mtu mwingine atakapozitilia shaka zile safu mbili.

Pendekezo la kwanza lililotolewa lilikuwa kuifuta vnStat na kuiweka upya. Nalitaja kwa sababu ndilo linalotolewa karibu kila mahali, na kwa sababu, ajabu yake, linafaulu: ukiifuta programu pamoja na hifadhidata yake, huduma itakapowaka itajiona iko siku yake ya kwanza, itaviandikisha violesura vyote vilivyopo, na adapta itaonekana. Ila utakuwa umeteketeza kumbukumbu za miaka ambazo skuli huzitumia kila inapojadiliana na mtoa huduma kuhusu ukubwa wa kifurushi, na hutakuwa umeligusa jina lililorithiwa. Siku kadi mpya itakapochomekwa, majina yatasogea tena na mchezo utaanza upya. Pendekezo la pili, lililochukuliwa kutoka maelekezo ya zamani, lilikuwa kuandika `vnstat -u -i`. Hiyo ni amri ya matoleo ya 1, ambayo yaliweka faili moja kwa kila kiolesura; toleo la 2 haliitambui, na ujumbe wa kosa unaojitokeza humfanya mtu adhani programu imeharibika.

Nilichokifanya ni kuvitoa violesura katika utegemezi wa majina ya mahali. Nilianza kwa kuisimamisha huduma na kuinakili hifadhidata, iliyoko /var/lib/vnstat/vnstat.db. Tahadhari moja hapa: ukiirudisha nakala hiyo kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, mwenye faili huweza kuwa root, na kwenye Debian huduma huendeshwa na mtumiaji aitwaye vnstat, ambaye hapo hataweza kuliandikia mpaka umrudishie umiliki kwa chown. Wapo waliohangaika na “kiolesura kisichohesabiwa” kwa sababu hiyo peke yake.

Kisha, katika faili la /etc/systemd/network/10-nje.link, nikaandika mistari minne:

[Match]
MACAddress=00:e0:4c:36:a1:b2
[Link]
Name=nje0

Faili la pili la namna hiyo, lenye anwani ya MAC ya kiolesura cha kwenye bodi, likakipa hicho jina la ndani0. Fundi alipendekeza turudi kwenye eth0 na eth1 kwa kuwa ndiyo aliyoyazoea. Sikukubali, kwa sababu majina hayo hugawiwa na keneli yenyewe wakati wa kuwaka, na kuyatumia katika mafaili ya .link kunakaribisha mgongano. Mbali na hilo, nje0 humwambia kila atakayefungua faili la mipangilio waya ule unaelekea wapi. Njia hii ya kutumia MAC ina udhaifu wake pia: zipo adapta za bei nafuu zinazouzwa zikiwa na anwani moja ya MAC, na mbili kati ya hizo haziwezi kutofautishwa hivi katika mashine moja. Sisi tulikuwa na moja tu.

Baada ya hapo nikaendesha `update-initramfs -u`, inayosasisha initramfs, yaani mfumo mdogo unaotangulia kusomwa mashine inapowaka, maana kwenye Debian majina huweza kutolewa mapema kabla ya diski kuu kusomwa, nikabadilisha majina katika mipangilio ya mtandao na sheria za nftables, na nikaiwasha mashine upya nikiwa nimekaa mbele yake. Kufanya kazi hii kwa mbali ni kujitafutia safari. Violesura viwili vikaamka kwa majina mapya. Nikaviandikisha kwa `vnstat --add -i nje0` na `vnstat --add -i ndani0`, nikaandika nje0 mahali pa Interface katika vnstat.conf na katika amri inayochapisha ripoti, kisha nikarudia jaribio la megabaiti 100. Huduma huandika kwenye hifadhidata kila baada ya dakika 5, kwa hiyo asiyeona kitu papo hapo asiharakishe kusema haijafanya kazi.

AlwaysAddNewInterfaces niliiacha kwenye 0. Ni kweli kwamba kama ingekuwa 1, adapta ingeandikishwa bila ya mtu kukumbuka. Lakini lango hili huunganishwa na simu kwa USB pale antena inaposhindwa, na sikutaka daftari lijae majina ya kila simu iliyopita. Pia isingezuia kosa kubwa zaidi, la ripoti kusoma jina lililobadilisha mwenye nalo.

Suala lililochukua mazungumzo marefu kuliko yote ni la kumbukumbu za enp1s0, kwa kuwa ndani ya jina hilo mlikuwa na vitu viwili: intaneti hadi siku ya radi, na mtandao wa ndani tangu siku hiyo. Hifadhidata ya SQLite inaweza kufunguliwa na safu zisizotakikana zikafutwa kwa mkono, na fundi alikuwa tayari kulifanya hilo. Nilipinga. Jumla za siku, mwezi na mwaka zimeandikwa katika majedwali tofauti, na atakayefuta katika moja akasahau jingine ataacha daftari linalojipinga lenyewe. Isitoshe, takwimu zilizohaririwa na upande mmoja hazina uzito mbele ya mtoa huduma. Tukaisimamisha huduma, tukakipa kiolesura hicho jina la nje_zamani ndani ya hifadhidata kwa kutumia `--rename`, na kile cha enp2s0 tukakiita ndani_zamani. Mhasibu akaandika katika daftari lake tarehe ya radi, kwamba nje_zamani isisomwe kupita hapo, na kwa miezi iliyochafuka akatumia namba za ankara.

“Sasa hizi za maktaba,” akauliza, “mtaniletea karatasi yake?” Alikuwa ameona kuwa tukiondoa jumla ya nje0 katika jumla ya ndani0 tunapata kwa kukadiria kiasi ambacho maktaba inaiokolea skuli. Ni makadirio, kwa kuwa seva yenyewe hupakua masasisho yake kwa nje0 bila ya kupita ndani0, lakini yanatosha kumwonesha mwalimu mkuu kwa nini diski kubwa zaidi si anasa. Ripoti ya mwezi sasa ina kurasa mbili.

Kadi mpya ilifika kwa meli baadaye. Fundi aliichomeka katika sloti ileile ya zamani, mabasi yakasogea tena kama yalivyotarajiwa, naye akabadilisha mstari mmoja tu: anwani ya MAC katika 10-nje.link, kisha akaisasisha initramfs. Mashine ilipowaka, vnStat iliendelea kuandika chini ya nje0, na adapta ya USB ikawekwa kabatini ikiwa na kipande cha karatasi chenye anwani yake.